Madam wa Pande Mbili

Tulimwita Madam, basi. Walimu wa kike shuleni walikuwa wengi na wote waliitwa madam, lakini hao wengine walibandikwa kitu nyuma: madam wa Kiswahili, madam wa upishi, madam mrefu. Ukisema Madam peke yake, kila msichana alijua ni yule wa hesabu na fizikia, mwanamke mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, aliyetembea akiegemea mbele kana kwamba barabara yote ya Kisian ni mlima.

Nilimjua kwa njia mbili. Alinifundisha katika shule ya wasichana iliyokuwa kando ya barabara ya Busia, katikati ya miaka ya themanini. Tena alikuwa jirani yetu Migosi, mtaa wa Kisumu, katika ploti moja, tukichota maji kwenye mfereji mmoja wa bomba. Kwa hiyo nilimwona ameshika chaki, na nilimwona ameshika ndoo, na siwezi kusema ni lini alikuwa mwalimu zaidi. Kwenye mfereji aliweza kukuuliza kwa nini ndoo iliyojaa haimwagiki ukiizungusha haraka, halafu kabla hujajibu akuulize ni nani aliyeamua maji ya mtaa yafungwe saa za mchana, na kwa sheria gani.

Mama yangu alimpenda na kumwonea huruma kwa pamoja. "Huyo mama kichwa yake imejaa," alikuwa akisema. "Siku moja itamwagika."

Kitu ambacho kila aliyefundishwa naye atakwambia kwanza ni ile kesi ya mawe. Siku alipoanza kutufundisha habari za vitu vinavyoanguka, hakuandika neno ubaoni. Alileta mawe mawili, moja la ukubwa wa ngumi, jingine dogo kama njugu, akayaweka mezani na kutangaza kwamba jiwe kubwa limeshtakiwa kwa kujigamba. Lilikuwa linadai kwamba likiangushwa pamoja na mdogo wake, litafika chini kwanza. Akateua hakimu, akateua mawakili, akaagiza shahidi aapishwe kwa kitabu cha atlasi kwa kuwa Biblia haikuwepo karibu.

Mimi nilikuwa wakili wa jiwe kubwa. Nikasimama kwa majivuno, nikasema, "Kila mtu anajua kwamba kitu kizito huanguka haraka."

Madam akainua mkono. "Huyo Kila Mtu yuko wapi? Aitwe. Aje hapa mbele aapishwe."

Darasa likacheka. Mawe yalikuwa yameangushwa na kugonga sakafu kwa mlio mmoja, na hakimu wetu, msichana aliyejifunga foronya nyeupe kichwani, alikuwa anaandika hukumu, mwalimu mkuu alipofungua mlango.

"Madam, hii ni drama ama ni fizikia?"

"Ni zote mbili, mwalimu mkuu."

"Kwenye ratiba ni moja."

Akafunga mlango. Madam akatugeukia na kusema tumalizie hukumu, na iandikwe kwa sentensi kamili, kwa sababu mtu aliyeshindwa kesi ana haki ya kuelezwa ni kwa nini.

Sentensi kamili zilikuwa ugonjwa wake. Hakukubali jibu la hesabu lisilo na maneno. Ukimletea namba tupu, alikurudishia daftari akisema, "Hesabu ni barua. Unamwandikia mtu asiyekuamini." Na wale waliokuwa wakifaulu hesabu na kudharau historia aliwaambia kwamba historia ni ushahidi wa watu waliokufa, na kwa kuwa hawawezi kuulizwa tena, basi inabidi ujiulize wewe mwenyewe mara mbili. Kuhusu hadithi na mashairi alisema neno moja tu ninalolikumbuka: mtu asiyesoma hadithi hudhani watu wote wanafikiri kama yeye, na mtu huyo akipewa kazi ya kupima kitu, atapima vibaya.

Mzizi wa haya yote niliusikia siku moja akimwambia mama wakifua nguo. Aliposoma yeye, ukifika kidato cha tano ulilazimika kuchagua: upande wa sayansi au upande wa sanaa. Aliyechukua hesabu na fizikia hakugusa tena historia wala fasihi. Siku ya kwanza waliambiwa wa sayansi wasimame huku, wa sanaa wasimame kule. Yeye alibaki katikati ya uwanja na sanduku lake la bati.

"Mkuu wetu akaniuliza, wewe msichana ni wa wapi? Nikamwambia, wa huku na kule. Akadhani namchezea. Akanipa mpaka kengele ilie niwe nimechagua."

"Na ukachagua," mama akasema.

"Baba alikuwa amesema sayansi ndiyo iko na kazi. Nikaenda huku. Lakini kule nilichungulia dirishani miaka miwili. Walikuwa wanasoma mchezo wa kuigiza, na mimi nimesimama nje na koti la maabara kama daktari aliyepotea."

Alitaka kusoma sheria. Hilo lilijulikana na ploti nzima, kwa sababu vitabu vya sheria vilikuja kwa posta, vizito, vimefungwa kwa kamba, na mumewe ndiye aliyevibeba kutoka mjini. Alikuwa amejiandikisha katika chuo cha mbali kilichofundisha kwa barua. Jumapili baada ya kanisa ungewakuta wote wawili nje ya mlango wao, mume akimenya viazi, kitabu cha sheria kimefunguliwa magotini mwake, akimsomea mkewe maswali kwa Kiingereza chake cha bandarini, na Madam akijibu huku macho ameyafumba. Akikosea, mume alimrushia ganda la kiazi. Wanaume wa ploti walimcheka yule bwana kwa kupika. Yeye aliwaambia, "Mimi naoa wakili. Nyinyi mnaoa nini?" Na kweli ilikuwa afadhali apike yeye, maana omena za Madam ziliungua mara nyingi kuliko zilivyoiva.

Nisimfanye malaika. Alihubiri kwamba asiadhibiwe mtu bila kusikilizwa, na alituchapa darasa zima kwa kelele za wasichana wawili. Tulipoomba tusikilizwe alisema, "Korti imefungwa," akaendelea kuchapa. Sifa alikuwa mchoyo nazo kupita kiasi. Ukifanya jambo ambalo mwalimu mwingine angekupigia makofi, yeye alisema "Haya," akageuza ukurasa. Tena alikuwa mwoga wa radi. Mvua ya Kisumu inavyojua kupiga, wingu likianza kutanda juu ya ziwa tu, Madam alikuwa ameshafunika kioo kwa leso, ameficha sufuria uvunguni, amepanda kitandani na kukunja miguu. Nilimkuta hivyo siku moja, nikamuuliza iweje mwalimu wa fizikia aogope radi.

"Mimi najua umeme ni nini," akanijibu. "Wewe hujui, ndiyo maana umesimama mlangoni."

Mfumo mpya wa elimu ulipoletwa, ule wa nane-nne-nne, yeye ndiye mwalimu pekee niliyemsikia akiushangilia. Kuchagua pande kungekoma. Kila mtoto angesoma hesabu, sayansi, historia, fasihi, kilimo, biashara na ufundi, mpaka mwisho. Alikuja kumweleza mama habari hiyo mikono ikiwa bado na unga, akasema sasa wametusikia. Haikupita muda akaanza kuona ilivyokuwa. Masomo yaliletwa, vitabu havikuletwa. Karakana ilijengwa ukuta mmoja. Maabara ya fizikia iligeuzwa bweni. Watoto walibebeshwa kila kitu, na kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kuelewa chochote, walikariri: historia kwa namba, hesabu kwa wimbo, hadithi kwa muhtasari wa mtu mwingine.

"Niliomba mvua," alisema, "wakaniletea mafuriko ya Mto Nyando."

Hata hivyo bado alikuwa anacheka wakati huo. Mumewe alikuwa hai.

Malaria ilimpanda yule bwana kichwani mwishoni mwa miaka hiyo ya themanini. Aliugua siku chache tu. Alizikwa Awasi, kwenye shamba ambalo yeye na mkewe walikuwa wamelinunua pamoja, kwa mishahara yao wote wawili, kutoka kwa mzee mmoja wa mbali asiye wa ukoo wao. Walikuwa wamejenga nyumba ndogo ya mabati. Hawakujaliwa mtoto.

Matanga yalipokwisha, shemeji yake, mdogo wa marehemu, alimjia na maneno ambayo kila mtu aliyatarajia: kwamba yuko tayari kumrithi, kama desturi inavyotaka, na ayafuate maisha ya boma. Madam alikataa, kwa adabu, mbele ya wazee. Kabla ya msimu wa kupanda, shemeji alikuwa ameng'oa jiwe la mpaka na kulisogeza, akaunganisha shamba na lile la baba yao lililopakana nalo, akapanda miwa mpaka ukingoni mwa kaburi. Nyumba ya mabati akaitia kufuli. Alisema shamba ni la ukoo tangu hapo awali.

Nilikuwa nimemaliza shule, nauza katika duka la vitabu mjini. Nilienda kumpa pole nikitarajia kumkuta analia. Nilimkuta ametandika karatasi kitandani na sakafuni, rula mkononi, uso unang'aa.

"Keti," akaniambia. "Mimi sikuwa najua kwa nini nilisoma haya mambo yote. Watu waliniuliza, hata mimi nilijiuliza. Sasa nimejua."

Akanionyesha. Hesabu ingeonyesha mpaka ulipokuwa, kwa kuwa mawe mengine ya mpimaji yalikuwa bado pale na pembe hazidanganyi. Historia ingeonyesha shamba lilinunuliwa kwa nani, nani alikuwepo, na kwamba ukoo wao haukuwahi kulima upande ule. Sheria mpya ya urithi ilimtambua mjane. Na lugha, alisema, ilikuwa kazi yake mwenyewe kuyaunganisha yote hayo mbele ya hakimu yawe habari moja inayoeleweka. Yeye hakutaka wakili. Alikuwa amebakiza mitihani michache ya chuo chake cha barua awe wakili yeye mwenyewe.

Tulikwenda kortini na mama yangu siku aliyotoa ushahidi. Alivaa gauni la kijivu la kufundishia. Shemeji yake alidai haelewi lugha yoyote ila Dholuo, kwa hiyo karani wa korti alikuwa akitafsiri. Madam alizungumza vizuri, pole pole, kama alivyotufundisha sisi. Alieleza umbali wa jiwe hili na lile, na pembe iliyo kati yao, na kwamba ukifuata hizo, jiwe la tatu haliwezi kamwe kuwa pale lilipo leo.

Karani alikuna kichwa, akamgeukia shemeji na kusema kwa Dholuo maneno machache.

Watu wakaangua kicheko. Hakimu akauliza amewaambia nini.

"Nimesema, mheshimiwa, mama anasema jiwe limetembea."

"Mama," hakimu akasema, bila ukali, "hapa si darasani. Jiwe limetembea au limehamishwa?"

"Limehamishwa, mheshimiwa."

"Ulimwona aliyelihamisha?"

"Sikumwona. Lakini ukitazama hizi pembe..."

"Basi hukumwona," hakimu akasema, akaandika.

Kesi iliahirishwa, ikaahirishwa tena. Hakimu akahamishwa, na mpya akasema kesi ianze upya. Halafu huyo mpya akasema mambo ya mashamba yamepelekwa kwa wazee, wayaamue wakiongozwa na mkuu wa tarafa. Madam alibishana naye kwa vifungu vya sheria mpaka askari akamgusa bega.

Wazee walikaa Awasi, katika ukumbi wa chifu, kwenye viti vya kukunja. Mmoja wao alikuwa amekula matangani kwa shemeji. Madam alisema yote aliyokuwa nayo, safari hii kwa Dholuo, bila mkalimani, na nathubutu kusema sijasikia mtu akizungumza vile tangu siku hiyo. Hakupandisha sauti. Alipomaliza, hata mkuu wa tarafa, kijana aliyekuwa akichezea kalamu, alikuwa ameiweka chini.

Kisha shemeji akasimama. "Huyu mama alisoma," alisema. "Sisi hatukatai, amesoma. Lakini ndugu yangu amelala pale. Nani atafagia kaburi yake? Kitabu?"

Wazee wakaguna kwa kukubali. Mwenyekiti wao akamwambia Madam arudi nyumbani, shemeji hajakataa kumchukua, na akichukuliwa shamba litakuwa lake kama la wanawake wengine.

"Baba, sikuja kuomba bwana," Madam akasema. "Nimekuja kuomba mpaka."

"Mpaka uko, nyathina, mwanangu."

"Na sheria?"

"Sheria tunaiheshimu," yule mzee akasema, na naamini alimaanisha. "Lakini sheria haiishi hapa. Sisi ndio tunaishi hapa."

Hukumu ilikuwa hiyo. Shamba likabaki kwa ukoo. Tuliporudi barabarani, sokoni Awasi watu wakiuza mchele na matikiti kama siku zote, mama yangu alimshika mkono Madam akamwambia atakata rufaa, atashinda mbele. Madam alikuwa anatazama lami.

"Nimepitia yote," akasema. "Tangu mwanzo. Sioni nilipokosea."

"Si hiyo ndiyo nzuri?" mama akauliza.

"Kama ningekosea, ningesahihisha."

Mitihani ile iliyobaki hakuifanya. Vitabu vya sheria aliviuza kwa mtu wa kufungia njugu, na kwa muda fulani watoto wa Migosi walikula njugu kutoka kwenye kurasa za haki na wajibu. Dada yangu mdogo aliingia shule ile ile, darasa la Madam yule yule. Nikamuuliza kwa hamu kama wameshafanya kesi ya mawe. Hakujua ninazungumzia nini.

"Huyo? Anasoma kitabu tu," akasema. "Anaandika kanuni, sisi tunanakili, kengele inalia. Lakini hachapi."

Nilikwenda kumwona kwa sababu ya maneno hayo. Mfereji ulikuwa umekauka, nikamkuta ameketi juu ya ndoo yake, anasubiri. Hakuniuliza swali lolote, wala la fizikia wala la mtu aliyefunga maji. Aliniuliza kama duka linalipa vizuri.

Alistaafu mapema, akahama Migosi bila kuaga, tukasikia amepanga chumba Kisian, karibu na barabara.

Mara yangu ya mwisho kumwona ni mwishoni mwa miaka ya tisini. Binamu yangu Atieno alikuwa amefiwa na mumewe, na mambo yalikuwa yale yale: ndugu wa mume, shamba, kufuli mlangoni. Tofauti ilikuwa kwamba Atieno alikuwa na watoto wawili na wa tatu tumboni, na hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Nikamwambia kuna mtu anayejua mambo haya kuliko wakili yeyote wa mjini. Njia nzima nilimsimulia habari zake.

Madam alitupokea vizuri. Alikuwa amekonda, nywele zote nyeupe. Alitupa viti, yeye akakaa kitandani, akamsikiliza Atieno mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akaanza kuuliza. Shamba lilinunuliwa au lilirithiwa? Jina la nani liko kwenye hati? Mpimaji alifika? Mlioana kanisani? Lini, nani walishuhudia? Maswali yalikuja yakifuatana, kila moja likisimama juu ya lile lililotangulia, na mimi nikaona mgongo wake unanyooka na sauti inarudi. Atieno naye aliona. Akaacha kupangusa macho, akasogeza kiti mbele.

"Sheria iko upande wako," Madam akasema. "Kila kitu kiko upande wako. Kesi yako ni safi kuliko iliyokuwa yangu."

"Kwa hiyo nianze wapi, Madam? Kortini?"

Lori la mawe lilipita nje, kuta zikatikisika kidogo, likapotea upande wa Busia.

"Huyo ndugu wa mume wako," Madam akasema, "ni mtu wa kupiga?"

"Hapana. Ni mlevi tu."

"Basi mkubalie. Hata kwa jina. Mwambie akuachie jiko na kipande cha kulima mboga, watoto wale. Nenda leo, kabla hajapata mwingine."

"Madam," nikasema, "wewe mwenyewe ulikataa."

"Ndiyo."

"Ulitufundisha..."

"Niliwafundisha." Hakunikasirikia. Alikuwa akimtazama Atieno, tumbo lake, viatu vyake vya plastiki vyenye matope. "Mimi nilikuwa na mshahara. Huyu ana nini?"

Atieno akanitazama mimi, akamtazama yeye, akaanza kulia tena, sasa bila sauti. Madam hakumwambia nyamaza. Aliinuka, akatuchemshia chai, akatia sukari nyingi katika kikombe cha Atieno, akakaa naye mpaka akaimaliza. Alipotusindikiza mlangoni alimshika bega, akalishikilia muda mrefu, kisha akarudi ndani.

Tulisimama kando ya barabara kusubiri gari. Vumbi la malori lilikuwa limefunika majani yote. Atieno alikuwa amefunga leso yake upya, kwa nguvu, kama mtu anayejiandaa kwa safari.

"Huyo ndiye uliyesema anajua?" akaniuliza.

"Ndiye."

"Na anajua kweli?"

"Anajua," nikamwambia. "Hakuna anayejua kama yeye."

Akatikisa kichwa polepole. Gari la kwenda upande wa boma la mumewe lilipokuja, aliinua mkono kulisimamisha kabla sijasema kitu kingine.